Bisibisi ya Nthenya

Mafundi watatu walikuwa wameshashindwa kabla Kanyiva hajaivuta pikapu yake kwa kamba hadi Matiliku, kwa Nthenya. Plagi zilibadilishwa, koili ikabadilishwa, kabureta ikafunguliwa na kufungwa. Bado gari lilikohoa, likazima kwenye kila mlima. Ni gari la zamani, lakini ndilo lililobeba maji aliyouza kule Kalamba, na saa nane mchana huo mnunuzi wa vyuma chakavu angekuja kulichukua.

"Mwaitu," alimwita, kama Mkamba amwitavyo mama yake, "niambie tu kama limekufa. Mtu wa vyuma anakuja saa nane."

Nthenya alimtazama midomo. Miaka ishirini na sita kwenye kinu cha kusaga mahindi ilikuwa imemmaliza masikio. Kinu kilipoharibika alikitengeneza mwenyewe, na watu wakaanza kumletea pikipiki, jenereta, mwishowe magari.

"Liwashe kwanza."

Kiema, kakake Kanyiva, alikuwa kwenye usukani. "Fundi asiyesikia," alinong'ona. "Sasa tumefika."

"Nimeona ulivyosema. Washa."

Injini ikaanza kutetemeka. Nthenya akachukua bisibisi ndefu, akaegemeza ncha yake kwenye distribyuta, kile chombo kinachogawia plagi moto kwa zamu, akauma mpini wa mbao. Akafumba macho. Uso wake ulitulia hivi kwamba Kanyiva, bila kujua kwa nini, alivua kofia yake.

Gari lilipozimwa, Nthenya alifungua kifuniko cha distribyuta, akashika nati kubwa ya mbele ya injini kwa spana. "Tazama hiyo rota, hicho kidude kinachozunguka ndani. Injini ikigeuka, nayo igeuke papo hapo."

Akazungusha mbele, rota ikaenda. Akarudisha nyuma. Injini ilisogea, rota ikabaki pale pale, halafu ikashtuka na kufuata.

"Umeona? Moto unachelewa. Gia imelika."

Alichora alama kwa mkaa, akaichomoa distribyuta. Meno ya gia yake yalikuwa membamba kama kucha za paka. Alinusa oili iliyoyashika.

"Nani alitia oili ya giaboksi kwenye injini?"

Kiema aliangalia viatu vyake. "Ilikuwa inatoa moshi. Si kila mtu hufanya hivyo?"

"Wewe uliuficha moshi tu. Gia hii ndiyo inayozungusha pampu ya oili. Ukaipa oili nzito kama ugali isukume."

Kisha akamgeukia Kanyiva. "Kama meno ya shafti ya ndani inayoizungusha gia hii nayo yamekwisha, mwache mtu wa vyuma aje."

Aliingiza kidole kwenye tundu. Kiema akazungusha spana polepole, na Nthenya akayapapasa meno moja moja gizani, kama mama anayetafuta jino la kwanza la mtoto. Kanyiva alimtazama usoni tu.

"Yote yapo."

Wakateremsha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, wakaosha chenga zote za chuma, wakatia oili inayofaa na gia ambayo Nthenya aliitoa kwenye injini nyingine iliyokufa zamani. Kabla ya saa nane pikapu ilinguruma. Nthenya akaegemeza tena bisibisi kwenye distribyuta, akapangusa ule mpini, akamkabidhi Kanyiva.

Kanyiva akauma. Sauti ikampanda hadi utosini: vishindo vidogo vikifuatana, hakuna kilichomkanyaga mwenzake, mamia kwa mamia. Miaka tisa aliendesha gari hilo, na hakuwahi kujua kwamba ndani yake kuna utaratibu kama huo.

Lori la vyuma chakavu likasimama barabarani, likapiga honi mara mbili. Kiema ndiye aliyekwenda kulirudisha lilikotoka. Kanyiva hakuwa amesikia.