Risasi ya Mwisho Mto Momba

Mwaka ule mahindi yalikauka shambani, nami nilikuwa nimerudi kwa baba na wanangu wawili baada ya ndoa yangu ya Tunduma kuvunjika. Unga ulipoisha kabisa, baba alichukua gobole lake akaniambia, "Twende mtoni, mwanangu. Leo watoto watakula bata."

Tulianza na migono ya samaki aliyoitega jana yake. Yote mitatu ilikuwa na majani matupu. Tukajibanza kwenye matete mpaka jua likawa la utosi. Mwishowe bata mwitu kama kumi wakatua majini, karibu kabisa na sisi.

"Baba, wale pale," nikanong'ona.

Akainua gobole, akalielekeza kwenye gogo lililolala ng'ambo. Nilidhani anasubiri, kumbe analenga. Mlio ulipotoka, bata wote wakaruka, na maganda ya gogo yakaanguka majini.

"Wameanguka wangapi?" akauliza kwa furaha.

Nikamtazama machoni, nikaona ukungu mweupe ambao sikuwahi kuutilia maanani.

"Hakuna, baba. Umepiga gogo."

Akaketi palepale kwenye matope. "Baruti ilikuwa hiyo tu," akasema. "Nilijua naona vibaya, lakini nilidhani bata nitawaona."

Nililia mbele yake bila aibu. Tulirudi nimemshika mkono, na wanangu walipokuja mbio kutupokea, niliwaambia leo hakuna bata.