Aliyesikiliza Umeme Ukiwa Umekatika

Kabla hujasema niliota, elewa kwamba ilikuwa Jumapili alasiri, jua linawaka, nimetoka kanisani na nimeshiba wali. Mtu haoti akiwa amesimama anamimina chai. Najua wanaonifahamu husema nina mambo mengi, na ni kweli ninayo, lakini uongo haumo. Haya yalinikuta Kaloleni, Arusha, kwenye chumba nilichopanga, na mwenye nyumba wangu, Mama Zuhura, yupo hai. Mtafute umuulize.

Kazi yangu ni kuuza rangi na misumari kwenye duka la mtu. Ugonjwa wangu ni muziki. Sisemi kuimba, maana hata makofi napiga nje ya mdundo. Nasema kusikiliza. Wenzangu walipokuwa wananunua pikipiki, mimi nilinunua amplifaya ya hedifoni, ile ya kukaa mezani: boksi jeusi la chuma, dogo kuliko mkate, lina kitufe kimoja cha kuzungusha na taa moja nyekundu. Unaichomeka kwenye umeme, unaiunganisha na kompyuta, unavaa hedifoni, basi. Watu waliniuliza, kwani simu haitoi sauti? Inatoa. Hata kijiko kikianguka ndani ya sufuria kinatoa sauti.

Ngoja nikueleze inavyosikika, maana bila hivyo hutaelewa kilichonipata. Kwenye simu, kwaya ni watu waliobanana mlangoni. Kwenye mashine hii kila mwimbaji anapata mahali pake pa kusimama. Besi haivimbi wala haizigombezi sauti za juu. Na kile kimya chake! Wimbo ukiisha husikii mvumo wowote, unabaki na ukumbi wenyewe: mtu anabadilisha mguu, benchi linalia, upepo unagusa bati. Mara nyingi nikivua hedifoni naona chumba changu ndicho cha bandia.

Rekodi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya nyumbani. Baba yangu na kaka yangu Elisante waliimba kwenye kikundi cha wanaume cha usharika wetu kule Poli, kwenye miteremko ya Meru. Nilikirekodi mwenyewe, kanisani, wakiwa wamesimama nusu duara mbele ya maikrofoni mbili. Wenye besi walisimama kwenye ncha mbili. Kushoto kabisa alisimama Elisante, kulia kabisa Baba. Sauti zao zinafanana mpaka wakinipigia simu nashindwa kujua nianze na shikamoo au na utani. Lakini hedifoni ina upande wa kushoto na upande wa kulia, kwa hiyo nikiivaa, kaka yuko sikio hili, baba yuko sikio lile, na mimi niko katikati yao. Nilikuwa napenda sana kukaa hapo.

Sasa, nilikuwa nimewatangazia watu kwenye simu kwamba anayetaka kusikia maajabu aje. Hakuja mtu. Wanaojua kusikiliza ni wachache, na wengi wao wana visingizio. Ndipo Jumapili hiyo nikasikia hodi.

Alikuwa mwanamume wa makamo, koti la kijivu limepigwa pasi, kofia ameishika mkononi, na viatu vimejaa matope mabichi ingawa mvua tulikuwa tumeisahau. Nikamwamkia, akaitikia marahaba taratibu. Alisema ametokea njia ya Ngaramtoni na amesikia kuna mashine inayosikilizisha vizuri. Kasikia kwa nani? Sikuuliza. Mtu aliyekaa muda mrefu akisubiri kusifiwa, wewe unadhani anauliza maswali?

Nikamkalisha kwenye kiti changu, nikampa hedifoni, akazivaa mwenyewe. Waya wake ukapita upande wa dirishani, nusura uangushe chupa ya chai. Nikaisogeza chupa, nikammiminia kikombe, nikamwekea wimbo wa kikundi cha nyumbani.

Niamini, sijawahi kuona mtu anasikiliza namna ile. Alifumba macho, akaanza kunieleza polepole. Akasema kuna ndege ndani ya kanisa, juu kwenye paa. Kweli walikuwepo, mbayuwayu, na nilikuwa nimewatukana sana siku ile. Akasema watu wawili katikati ya mstari wameachiana nafasi kubwa kuliko wengine, bila shaka wana ugomvi. Kweli walikuwa nao, wa mpaka wa shamba. Nilifurahi mno. Nikajiona nimepata mwenzangu hatimaye, mtu wa kuja kila Jumapili.

Hapo umeme ukakatika. Redio ya jirani ilinyamaza, kompyuta ikawa giza, na ile taa nyekundu ya amplifaya ikazimika. Nikacheka nikasema, "Tusamehe mzee, ndiyo Arusha yetu hii."

Akaninyooshea kiganja ninyamaze.

Bado alikuwa anasikiliza. Kichwa kilikuwa kinatikisika, kidole kinapiga gotini. Niliinama karibu na sikio lake, na haki ya Mungu, hedifoni zilikuwa kimya kabisa. Lakini wimbo ule naujua kama ninavyoujua mlango wa kwetu, na kidole chake kilikuwa kinapita pale pale unapopita, kinasimama pale waimbaji wanapovuta pumzi, kinaendelea. Nilitaka kutoka nje. Ningefanya nini? Mgeni yuko kwenye kiti, hajafanya kosa lolote.

Ubeti wa mwisho ulipofika akakunja uso. "Huyu wa besi aliyesimama mwisho kabisa," akasema, akagusa sikio lake la kushoto, "ni mtu wako?"

"Ni wangu, mzee."

"Anaimba kama mtu anayefunga mizigo. Kama mna la kumwambia, mwambieni."

Akavua hedifoni, akazilaza mezani kwa adabu, akaniambia asante kwa chai, akatoka. Kikombe chake kilikuwa kimejaa vilevile. Nilipozishika zile hedifoni, zilikuwa za baridi kana kwamba zimelala kwenye friji.

Nikamkimbilia. Mama Zuhura alikuwa getini na ungo wake, anachambua mchele. Nikamuuliza mgeni wangu kaelekea wapi.

"Mgeni gani, mwanangu? Mimi niko hapa tangu nimesali adhuhuri, hajapita mtu." Akaniangalia vizuri. "Nimekusikia unaongea, nikasema yuko na simu zake. Umekula lakini?"

Kushoto kabisa ni Elisante, sivyo? Nilimpigia saa hiyohiyo. Anaishi Engutoto, anachomelea mageti, ana watoto bado wadogo. Alicheka mpaka akakohoa. "Yaani jini atoke Ngaramtoni aje kusikiliza kwaya ya Kilutheri?" Alicheka yeye, lakini mke wake hakucheka, na mimi sikumpa Elisante nafasi ya kupumua. Nilimfuata kazini, nilimfuata nyumbani, mpaka akakubali kwenda kupimwa ili nimwache. Wakampima damu, kifua na moyo. Hakuna kitu. Alinipigia akiwa bado kwenye geti la hospitali.

"Daktari kasema nipunguze chumvi. Na wewe punguza hiyo mashine."

Tulimweleza Baba kwa simu, akacheka na yeye, kicheko kirefu chenye kukohoakohoa. Nilifarijika. Nikajiambia kwamba jua lilinipiga, na wali ulikuwa mwingi.

Tangu siku ile sikuwa nimezigusa hedifoni. Jioni hiyo, kwa furaha, nikakaa kwenye kiti kilekile na kuzivaa. Zina waya mmoja tu, unaotoka upande wa kushoto. Waya ukaniangukia kushoto, upande wa ukuta. Dirisha na chupa ya chai vilikuwa kulia kwangu, mbali na waya. Nikakaa hivyo nikiutazama ule waya.

Yule mgeni alikuwa amezivaa kinyume. Nilimwona, nikasogeza na chupa, na mimi ninayejidai mtaalamu sikulifikiria. Sikio lake la kushoto lilikuwa linamsikiliza mtu aliyesimama kulia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Poli. Baba alikuwa shambani anachuma kahawa, ndoo imefungwa kiunoni, amesimama kwenye kivuli cha migomba. Nikamwamkia, nikabaki nimesimama kama mtoto aliyevunja kitu.

"Marahaba. Duka limefungwa leo?"

"Baba, twende hospitali."

"Mmemaliza kwa kaka yako, sasa ni zamu yangu?" Alikuwa anatabasamu. Nikamweleza habari ya waya. Nilieleza vibaya, kushoto na kulia vikanichanganya, lakini alinielewa. Aliendelea kuchuma kidogo, kisha akaifungua ndoo kiunoni na kuiweka chini.

"Ile noti ya chini, mwishoni," akasema, "tangu Pasaka siifikii vizuri. Pumzi inaisha njiani. Nikasema ni uzee tu, nikawa nafungua mdomo, kaka yako ananijazia." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Huyo mtu ana masikio."

Hospitali walikuta moyo wa Baba umechoka na maji yameingia kifuani. Daktari alisema mengi, nikaelewa machache, na hayo yalitosha. Walimpa dawa na kutuambia tumrudishe nyumbani. Je, zile wiki tulizomsumbua Elisante zingeleta tofauti? Nilimuuliza daktari, akaanza kunieleza upya saa za kumeza dawa. Sikumuuliza tena.

Baba alikaa nasi mpaka karibu na mvua za masika. Alimwonyesha Elisante miche ya kahawa ya kukata na ya kuacha. Alimfundisha kuvuta pumzi kabla ya ile noti, wakiwa wamekaa barazani wote wawili, anamgombeza, "Usiivamie, ishukie!" Waligombana na kucheka kuliko miaka yote ninayoikumbuka, na mimi nilikuwepo. Alifia kitandani kwake, tukamzika mgombani, na kikundi kikaimba kikiwa na pengo upande wa kulia. Kwa hiyo mpaka leo sijui nimshukuru yule mtu au nimlaani. Siku nyingine nafanya yote mawili.

Mashine bado ninayo, ila sisikilizi tena sauti za watu. Nasikiliza magitaa na ngoma zisizo na mwimbaji. Wimbo wa watu wetu ukianza, nashikwa na woga kwamba na mimi nitasikia, na mtu akishasikia, anakwenda wapi na hayo masikio?

Elisante sasa anasimama alipokuwa anasimama Baba. Wamerekodi upya, na juzi aliniletea kwenye flashi. Nilimwambia mashine imeharibika, taa nyekundu ikiwa inawaka mbele yetu. Hakucheka.

"Sikiliza tu, uniambie," akasema. "Nina watoto, mdogo wangu. Kama kuna kitu nataka nijue mapema."

Niliogopa siku ile kuliko nilivyomwogopa mgeni. Nikaichomoa mashine ukutani, nikamrudishia flashi yake mkononi, nikamwambia aimbe hapohapo alipo. Akaguna, akaona haya kidogo, halafu akaimba, amekaa kitandani kwangu, sehemu ya Baba yote mpaka ile noti ya chini. Aliivamia. Nilimsikia kaka yangu anakosea pale pale alipogombezwa, nikatokwa na machozi kwa furaha, na zaidi ya hapo sikutega sikio.

Wewe uliyenisikiliza hadi hapa, nakuomba jambo moja. Watu wako waambie waimbe mbele yako, mezani, jikoni, popote walipo. Na akija kwako mtu anayesikia kuliko binadamu, mkaribishe, mpe kiti, mpe na chai hata kama hatainywa, lakini usimpe sauti ya mtu unayempenda.