Doa Jekundu Chini ya Bakuli la Ardis

Corliss Tollefson alianza kutunga hadithi angali msichana, kwenye meza ya jikoni, katika mashamba ya viazi sukari kule Minnesota. Dada yake Ardis aliosha vyombo hata zamu isiyokuwa yake ili mdogo wake amalize ukurasa. Corliss alipohamia New York, vitabu vyake vya mwanzo vilidoda madukani. Kila baridi ilipoingia, Ardis alimtumia soksi za sufu na kumwambia asikate tamaa.

Kitabu cha nne kikapata tuzo kubwa, na kanisa la kwao likamwandalia mlo.

Ardis alikuwa amekisoma. Ndani ya kitabu hicho mama mmoja anamficha mwanawe kwamba marehemu aliyemlea si baba yake mzazi. Siri hiyo ilikuwa ya Ardis mwenyewe; alimwambia Corliss peke yake, siku walipomzika Harlan, mume wa Ardis, na Corliss akaapa kufa nayo.

Corliss alibadilisha majina, mji, hata rangi ya nywele. Bakuli hakulibadilisha. Wanawake wa kanisa lile hubandika majina chini ya mabakuli yao ili yasipotee baada ya mlo. Ardis peke yake hupaka doa la rangi nyekundu ya kucha. Doa hilo lilikuwemo kitabuni.

Siku ya mlo, Myrtle Engen, jirani wa Ardis, aliliinua bakuli lake la viazi, akachungulia chini.

“Chakula chako leo tumekisoma kabla ya kukila, Ardis.”

Wenzake wakainamia kahawa zao.

Ardis akamvuta mdogo wake kando ya sinki. “Uliniapia, Corliss.”

“Ni hadithi tu, dada. Nani atajua ni wewe?”

“Muulize Myrtle.”

“Nilikuandika kwa mapenzi. Kila anayekisoma anampenda yule mama.”

“Mimi sikuomba kupendwa na wasomaji wako. Niliomba unyamaze.”

Ardis alipogeuka, mwanawe Wendell alikuwa amesimama nyuma yao, sahani mkononi. Viazi vya mama yake havikuwemo.

“Wendell, mwanangu, nilikuwa natafuta siku nzuri ya—”

“Nilikimaliza kitabu jana,” alisema taratibu. “Mwishoni, yule mama wa kitabuni alimwita mwanawe, akamwambia ukweli mwenyewe.”

Akamgeukia Corliss. “Asante, mama mdogo.”

Akaiweka sahani kwenye sinki, akachukua koti lake. Ardis akabaki anaitazama sahani ile. Hakuiosha.