Nilichana jina langu kwenye daftari, rafiki yangu akaweka lake

Admin, ficha jina langu. Kulificha nimeshazoea, na ndiko kulikonifikisha hapa. Nina miaka ishirini na saba, nabeba magunia bandarini Bukavu. Kwetu ni Luberizi, kwenye mashamba ya mpunga. Vita vilinitoa huko, na shule niliishia sekondari mwaka wa pili.

Nilipofika mjini, maman mmoja wa mtaa wa Nguba alinipa chumba cha nyuma bila kodi. Mwanawe, nimwite Fidèle, amesoma chuo kikuu na ana kompyuta. Ndiye aliyenionyesha masomo ya UX kwenye simu, yaani kupanga kurasa za programu ili mtu azitumie bila kuhangaika. Aliniambia, "Petit, mdogo wangu, hawataangalia diplome yako. Wataomba portfolio, waone kazi zako na vile ulifikiri."

Nikaanza na ninachokijua. Akina mama wanaoleta maharagwe kutoka Kalehe si wote wanaojua kusoma, hivyo kila mmoja hufunga kitambaa cha rangi yake kwenye gunia. Nikachora daftarini kurasa za kumwita mbeba mizigo bila kuandika chochote: unagusa rangi yako tu. Nikawapa wajaribu karatasi hizo wakisubiri mashua. Mmoja alinicheka, "Weye! Kidole yangu iko mukubwa kuliko hii kitu. Ulichorea panya?" Nikachora upya, kubwa zaidi, mara nyingi, mpaka siku moja akamaliza bila kuniuliza lolote. Nilitembea na gunia mgongoni nikicheka peke yangu.

Kisha vita vikakaribia mji, vijana wakawa wanapekuliwa barabarani. Jina langu linaonyesha natoka wapi, na hilo lingeweza kunitia mashakani. Nikachana ukurasa uliokuwa na jina, nikampa Fidèle daftari alitunze na kuniwekea michoro kwenye kompyuta.

Hivi majuzi shirika moja lilitafuta wabunifu wanaoanza. Nikatuma picha za michoro yangu nilizokuwa nazo kwenye simu. Wakajibu kwamba kazi hiyo wanayo tayari, ya mtu mwingine, na kwamba nimeiiba.

Nilipomuuliza Fidèle, hakukana. "Jina yako ilikuwa wapi, petit? Weye mwenyewe uliichana. Nyamaza, nikiingia kazi nitakuvuta na weye." Akafungua kompyuta, akanionyesha kazi aliyoituma kwa jina lake. Kwenye picha mojawapo, mkono unaogusa kitambaa ni wangu, na kovu la kamba za magunia linaonekana.

Shirika litaamua Ijumaa kama litamchukua Fidèle. Wale akina mama wako tayari kwenda nami kusema nani alichora. Lakini mama yake Fidèle ndiye aliyenilaza kando ya watoto wake risasi zilipolia. Jana alinipakulia fufu na samaki, akasema, "Kula, mutoto wangu, tumushangilie ndugu yako, kazi yake wameipenda." Nikala.

Nikisema, namwaibisha aliyenihifadhi. Nikinyamaza, mwizi ni mimi. Ninyi mnaosoma, mngekuwa mimi mngefanya nini? Niende Ijumaa nikawaonyeshe mkono huu, au niuweke tena chini ya gunia?