Paa Lisilotoa Moshi

Kikapu kile nilikishona mwenyewe. Wataalamu wa mazingira walikuwa wamekuja kanisani kwetu Kimandolu na gari lenye vipaza sauti, wakatuonyesha picha za misitu ya Mlima Meru ilivyokuwa zamani na ilivyobaki. Walisema mvua zinapotea, joto la dunia linapanda, na anayepunguza moto nyumbani kwake anasaidia. Tuliwaamini. Maduka ya mjini siku hizo yalikuwa yamejaa kila kitu, lakini umeme ulikuwa wa mgao kwa sababu mabwawa yalikuwa yamekauka. Wakatufundisha kuchemsha chakula kwa muda mfupi, kisha kukiweka na sufuria yake ndani ya kikapu kilichoshindiliwa matambara, kukifunika kwa mto mzito na kukiacha kiive bila moto. Kama kiongozi wa kina mama niliona kutunza uumbaji wa Mungu ni sehemu ya sala, nikawa mwalimu wa wenzangu.

Ndipo wakaja wakwe. Ukoo wa kijana aliyemposa binti yangu uliishi juu ya Ngaramtoni, na ulikuwa umesitasita muda mrefu. Walisema watu wa mjini hawajui kupokea watu. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele za haki, hivyo shemeji yangu ndiye angezungumza. Alfajiri nilichemsha ndizi na nyama, nikazifungia kikapuni, nikazima moto, nikazoa majivu. Niliazimia kufunua kikapu mbele yao na kuwaeleza habari za mlima. Maneno nilikuwa nimeyaandaa.

Walifika kwa pikapu, tukasalimiana vizuri, wakaketi. Lakini asali na mablanketi ya posa waliyokuja navyo havikushushwa garini. Mzee wao alizungumzia mvua na ng'ombe huku macho yakirudi kwenye jiko langu la uani. Shemeji alitania, hakuna aliyecheka. Soda zikapata joto mezani.

Kisha yule mzee akainuka na fimbo yake.

"Baba, tumeelewa," alimwambia shemeji. "Nyumba imeshatujibu. Hatuna ugomvi."

Shemeji akauliza imejibu nini.

"Siku ya posa, jiko la baridi. Tunashukuru hamkututukana kwa mdomo."

Ndipo nikaelewa kosa langu. Hata kwetu Kilimanjaro nilikolelewa, mgeni akikaribia nyumba hutazama paa la jiko kabla ya uso wa mwenyeji. Moshi wa jiko ndio karibu ya kwanza. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Nikaanza kueleza habari za kikapu, nikachanganya mlima na mabwawa. Mjomba mmoja wa kijana akasema, "Kumbe chakula kimelala kwenye mto. Basi tusikiamshe." Wakacheka. Nyuma ya pazia la mlango niliiona miguu ya binti yangu, haisogei.

Bibi wa kijana, mama mkongwe ambaye hakuwa amesema neno tangu aitikie shikamoo yangu, alinyanyuka akaenda jikoni. Nikamfuata. Aliinua mto, mvuke ukampiga usoni, akaonja ndizi kwa kidole.

"Zimeiva," alisema. Halafu akaniomba kuni.

Nilitaka kuwasha mwenyewe. Akanishika mkono.

"Kaa, mwanangu. Wewe umeshapika. Mimi nawasha ili wanaume waone."

Nikakaa kwenye kigoda, jikoni mwangu, na mgeni wa umri wa mama yangu akapiga magoti akipuliza moto wangu. Kuni zilikuwa mbichi, akakohoa. Hakukuwa na sufuria juu ya mafiga. Nilitamani ardhi ipasuke.

Moshi ulipopenya kwenye bati, nilisikia mlango wa pikapu ukifunguliwa. Asali ikashuka, nayo mablanketi.

Walikula wakashiba, na mjomba yule akaomba kuongezewa. Binti yangu aliolewa kwao, akapendwa. Namshukuru Mungu kila siku. Lakini mchana ule nilipopita na birika na beseni kuwanawisha mikono, sikuweza kumtazama mtu. Nilipomfikia bibi, nilikuta viganja vyake vyeusi kwa masizi. Nikaweka birika chini, nikavishika vyote viwili na kuviosha kwa sabuni, kidole kwa kidole. Wengine walisubiri zamu yao. Yeye alitazama pembeni, akaniacha nioshe.