Mkono wa Binti Yangu

Jumamosi nilipeleka betri ya televisheni yetu kuchajiwa kwa fundi hapa Kayole, nikiwa na binti yangu wa miaka sita. Fundi alikuwa amewasha televisheni yake juu ya kaunta, na mtoto akaganda mbele yake.

"Twende nyumbani," nikamwambia.

Hakugeuka. Aliinua kiganja, macho yakiwa palepale, akasema, "Ngoja kidogo, inaisha."

Foleni nzima ikacheka. "Huyo ni bosi!" fundi akasema. Nikaona haya, nikataka kumchapa. Mama mmoja mwenye buibui, aliyekuja kuchukua betri yake, akanishika bega.

"Usimchape, dadangu. Mkono huo ameuona wapi?"

"Sijui," nikajibu. Lakini nilijua. Ni mkono wangu, ninaomwinulia kila jioni akiniita katikati ya mchezo wa kuigiza.

Hakunicheka. "Mimi pia nilifundishwa na mtoto wangu," akasema, akachukua betri yake akaenda.

Kesho yake jioni, betri ikiwa imerudi, nilikuwa nimekaa mbele ya televisheni. "Mama!" binti yangu akaita. Kiganja kikaanza kuinuka chenyewe. Nikakishusha, nikazima televisheni, nikamuuliza, "Unasemaje?"

Alitaka kunionyesha jino linalotikisika, la kwanza.

Siku ile sikumwambia mama yule asante, kwa kuwa mimi huona aibu kusema mbele za watu. Kama anasoma gazeti hili, asante sana. Nusura jino ling'oke kabla sijaliona.