Bingwa wa Sura za Kondoo

Kila Septemba, bondeni Hvammur huko Aisilandi, kondoo hushushwa kutoka milimani na kila mtu huchambua wake zizini. Wenzake mzee Thorgrimur, mfugaji wa bonde hilo, waliinama kusoma alama za masikioni. Yeye hakuinama. Alimtazama kondoo usoni mara moja tu: "Huyu wangu. Kiburi hicho kakirithi kwa mama yake." Hakukosea kamwe, na hakuchoka kukukumbusha.

Lakini nyani haoni kundule. Mwanawe wa pekee, Hallbjörn, alioa Mfilipino, Marivic, wakakaa mjini. Walipokuja kumtembelea, mzee alimkumbatia Rowena, Mfilipino mwingine aliyefanya kazi kiwanda cha samaki cha pale, akamwita mkwe. Safari ya pili alikutana na Marivic dukani, akampita bila salamu, akaenda zake na maziwa yake.

"Wanafanana mno," alilalamika.

"Wanafanana wapi, wewe mzee?" mkewe, Sigurlaug, akamaka. "Kondoo umewajua kwa kukesha nao wakizaa. Huyu umeshawahi hata kumuuliza kaamkaje?"

Marivic naye hakuficha. "Baba, shamba tuko tayari kulichukua. Ila sihamii kwa mtu asiyenijua. Septemba utanitambua zizini, mbele ya watu."

Mzee akapiga hesabu. Wasipokuja, shamba litauzwa na kondoo wote wataishia machinjioni. Basi akatundika picha ya harusi ukutani mwa banda, akawa anaikodolea macho kila asubuhi. Kumpigia mkwewe simu hakukumjia akilini.

Septemba ikafika. Marivic na Rowena wakasimama kwenye ua wa zizi, wamevaa sweta sare alizofuma Sigurlaug, kofia zimeshuka hadi kwenye nyusi. Mzee akatazama huku na huku, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Kisha akanyoosha kidole kwa Marivic. "Huyu!"

Bonde likalipuka kwa shangwe. Mzee akavimba kichwa.

"Umenijuaje, baba?"

"Kazi rahisi! Mwenzako kanichekea. Wewe umeninunia, kama kawaida yako."

Marivic akaangua kicheko kirefu, kitamu, ambacho mzee hakuwahi kukisikia maishani mwake. "Haya, na nikicheka hivi, mimi ni nani?"

Mzee akamtazama, akamtazama Rowena, akamrudia tena. Hallbjörn hakungoja jibu. Alikuwa ameshawasha gari la kurudi mjini.